Kuroweka

Hapa Sohar kanzu hulala kwenye beseni tangu alfajiri.
Mwezi wa kwanza nami nilirowekwa:
maneno yakanifunika hadi utosini,
sikushika hata moja
ila sabuni. Sabuni ilikuwa sabuni.
Nikaing'ang'ania kama ukingo wa kisima.

Kwetu Kaloleni
kuchovya ni ncha ya kidole na asali,
kutosa ni kumwacha mtu mchana kweupe,
kuzamia ni kusafiri bila karatasi,
kama kaka yangu Ngumbao,
ambaye hadi leo hatujui aliibukia wapi.
Mimi karatasi ninazo.
Anazo Bi Thuraya, kabatini.

Mwezi wa saba, mlangoni,
mama yake mzee alimtania muuza samaki
nikacheka,
nikacheka kabla sijajua kwamba nimeelewa.
Wakageuka wote. Hata samaki, nadhani.

Tangu siku hiyo wananong'ona.

Jana nimeota mama ananiita kutoka shambani
kwa lugha ya hapa,
nami namwitikia vivyo hivyo, bila kukwama.
Nimeamka, nimekaa juu ya ndoo,
nakikamua Kigiriama changu taratibu
nione maji yanatoka na rangi gani.