Upana wa Chumba

Tulipoishusha dari ya nyumba yetu ya Ibra
boriti zilitoka moja moja, nyeusi kwa moshi wa kahawa na ubani,
mikoko ya Rufiji, magome bado yameshika huku na huku.
Nilizipima zote, ndiyo kazi yangu:
mita mbili na nusu, mbili na tisini,
tatu kasoro kiganja.
Hakuna iliyozidi.

Kumbe hivyo ndivyo chumba kilivyopata upana wake.
Si mwashi aliyeamua, wala mwenye nyumba na pesa zake,
ni mti wenyewe, pale ulipoanza kupinda
kwenye tope la watu wasioijua Ibra.
Mama alizaliwa chini ya kipimo hicho.
Ametandika humo, amejifungua humo, amefiwa humo.

Boriti mpya ilishuka Sohar ndani ya kontena:
mita tisa, msonobari wa Ufini,
mbao juu ya mbao, zimebanwa kwa gundi
kama daftari ambalo halitafunguliwa.
Fundi Shaji aliipapasa, akainusa, akacheka.
"Mti huu haujawahi kutoka jasho."
Nje, nyuzi arobaini na sita.
Nikamwambia utajifunza, kama wewe ulivyojifunza.

Jirani Mundhir ameweka alumini iliyochorwa vishipa vya mti;
ukiigonga inajibu kama sufuria.
Mimi nilitaka kitu ambacho hata mchwa angekitamani.
Na kwenye michoro niliandika: nafasi huru, bila nguzo.
Nikalipenda hilo neno, huru.

Siku ya kukabidhi Mama alisimama mlangoni,
mkono wake ukatafuta ukuta wa kuegemea.
Ukuta ulikuwa mbali.
"Pazuri," alisema. Sauti ikaenda, haikurudi.
Kisha akauburura mkeka hadi pembeni,
akahesabu hatua toka ukutani, akaketi
na mgongo kauelekeza kwenye uwazi wangu wote.

Alipokwenda kutawadha nilichukua futi kamba.
Mita mbili na tisini.

Za zamani ziko uani, chini ya turubai.
Kuna mtu wa Maskati anataka kuzipasua ziwe meza za mkahawa;
sijamjibu.
Moja ina chale tatu za shoka, hesabu ya mkataji labda.
Hiyo nimeipandisha juu ya mkeka wa Mama,
ukuta hadi hewani, imening'inia kwa waya.
Haibebi chochote.
Kwenye michoro haimo.