Kitalu cha Karani

Miaka thelathini na miwili nilipiga mhuri
juu ya mashamba nisiyopata kuyakanyaga.
Ekari mia Msabaha, ekari arubaini Ganda,
na udongo wote huo niliujua kwa namba.

Sasa mimi mstaafu, nyuma ya nyumba ya kupanga, Barani,
nina kipande upana wa godoro la watu wawili
na jembe ambalo mpini wake bado umebandikwa bei.

Dukani karibu na stendi nilinunua pakiti:
mchicha mbili, bamia, nyanya.
Muuzaji akauliza, "Maji yako ya kisima au ya mfereji?"
Nikamjibu nilivyozoea kuwajibu watu:
"Tutaangalia."

Nikapima kwa rula. Wallahi, kwa rula.
Sentimita ishirini, mstari hadi mstari,
vijiti vinne kwenye pembe kama mawe ya mpaka,
uzi mwekundu wa kufungia mafaili ukizunguka.
Mbegu za mchicha, ndogo kuliko nukta,
nikazifukia kina cha kidole kizima
kama mtu afichaye kosa.

Siku ya tatu, kimya.
Siku ya saba, kimya.
Nikamwagia asubuhi, adhuhuri, magharibi
maji ya kisima, hadi udongo ukafanya ukoko mweupe.
Kuku wa jirani akapita
akatia sahihi kila mstari.

Ndipo Dama akachungulia juu ya ua wa makuti.
"Karani, mbegu haizikwi.
Hufunikwa, kama mtoto wakati wa joto.
Na hayo maji, umeyaonja?"
Nikayaonja. Nikatema.
Akanipitishia ndoo ya maji ya mvua
na samadi ya mbuzi, kavu, ndani ya mfuko wa unga.

Pakiti ya pili ikaota.
Vijani viwili viwili, vyembamba,
na mimi nimechuchumaa, miwani puani,
napalilia kwa ile bidii ya kukagua orodha:
huyu yumo, huyu hayumo.
Magoti yaliuma. Nilipiga mluzi.
Sikumbuki mara ya mwisho nilipopiga mluzi.

Wiki ya tatu Dama akaja, mkono kiunoni,
akacheka hata leso ikamdondoka.
"Mchicha uko wapi?"
Nikamwonyesha.
"Mchicha ni ule pale kwenye rundo, ulionyauka.
Huu ni mtsunga. Haukupandwa na mtu.
Umejiotea."

Nikautazama.
Majani yenye meno, shina limejaa utomvu,
umekaa katikati ya uzi wangu mwekundu
bila barua, bila ramani, bila kuniuliza.
Nikanyosha mkono niung'oe.
"Uache," akasema. "Sisi twaula."

Sikumwambia kwamba jina la mumewe nalijua.
Karisa Thoya. Faili la kijani, kona imeliwa na mchwa.
Ekari tatu na nusu, minazi ya babu yake,
miaka sita mezani pangu, chini ya kikombe cha chai.
Kila alipokuja amevaa shati lake la kupigiwa pasi
nilimwambia lile neno langu.
Mwaka wa saba hakuja.
Sikuuliza.

Nadhani Dama anajua.
Hajasema. Huleta ndoo, huondoka.

Jioni ile akaleta bakuli:
mtsunga wa tui, na sima ya moto.
Mchungu, mchungu kweli, uchungu unaongoja nyuma ya ulimi
mpaka udhani umekwisha.
"Wazoeleka," akasema, akiangalia kwingine.
Nikala nikamaliza. Nikakomba bakuli kwa kidole.

Bamia nimezipanda Jumanne, nusu kidole,
baada ya kuuliza.
Rula imechukuliwa na mjukuu wake, yuko darasa la nne.
Ule uzi nimeufungua; sasa umeshika mnyanya mmoja
ambao hauna nguvu za kusimama wenyewe.

Kuku bado anakuja.
Na mtsunga umevuka mpaka,
unaelekea mlangoni.