Herufi ya Nane

Kaunta ya spea, Thunder Bay, saa mbili na robo asubuhi.
Kijana aliyeshonewa jina Dwayne kifuani
hakuinua macho: "Lita tatu nukta moja, au tatu nukta nane?"
Nikamwambia, la bluu.
Nikamwambia, Buick ya tisini na nane, ya marehemu baba.
Hakucheka. Akanigeuzia skrini nione pampu mbili za maji,
baba mmoja, mama mbalimbali,
bolti zao haziamkiani.

"Kasome namba ya chesisi. Hesabu hadi ya nane."

Nje, digrii kumi na tisa chini ya sifuri.
Nilikwangua barafu kwenye pembe ya kioo kwa kadi ya maktaba,
nikainama kama mchunguliaji wa tundu la ufunguo,
nikahesabu kwa kidole ndani ya glavu,
nikakosea, nikaanza upya.
Ya nane ni M.
"M ni tatu nukta moja," akasema Dwayne. "Themanini na sita, pamoja na kodi."

Nikarudi Kakabeka, nikisimama mara mbili
kulinywesha gari maji kama mgonjwa wa homa.

Pampu haikukaa.
Niliigeuza. Niliibembeleza. Niliitukana kwa Kifini,
lugha ambayo baba, Reino Lahtinen, aliiwekea akiba
kwa ajili ya sauna na ya magari.
Waya wa kupashia injini joto ulining'inia nje ya grili
kama ulimi wa mtu aliyeambiwa asiseme.

Akaja jirani, mzee Petrychyn, na tochi, na slipa miguuni, kwenye theluji.
"Plagi nimezihesabu," nikamwambia. "Sita."
"Zote mbili zina sita, Marjatta. Hesabu haikufai."
Akapuliza dawa ya breki ubavuni mwa bloku,
akasugua kwa mkono wa sweta,
na namba zikatoka kwenye uchafu, moja moja,
bila haraka, kama watu wanaoamshwa.
"Karatasi inasema lake. Chuma kinasema lake.
Hii siyo iliyozaliwa humu."

Alisema bila kushangaa.
Hapo ndipo nilipomtazama yeye, nikaiacha injini.

Februari, mwaka ule wa mama na mashine ya figo:
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, nusu saa kwenda mjini, nusu saa kurudi.
Februari ambayo baba alijiunga na kwaya ya kanisa,
yeye asiyeweza kushika noti hata moja,
akawa anarudi saa tano usiku akinuka dizeli na sabuni ya mchanga.
Mama alisema, Walutheri siku hizi wanaimba gereji?
Tukacheka. Tulicheka, na ukweli umekaa mezani unakula nasi.

"Ya kwanza ilimfia njiani, akiwa peke yake," akasema Petrychyn.
"Hii tuliing'oa kwenye Regal iliyogongwa na paa.
Mimi nilishika mnyororo. Siku kumi na moja.
Jumatatu na Jumatano na Ijumaa alichukua gari langu,
akamwambia mama yako lenu limekwenda kupakwa rangi."
"Halikupakwa rangi."
"Mama yako alikuwa haoni vizuri wakati ule."

Nakumbuka alivyosema, kiti cha mbele, blanketi magotini:
Reino, gari limepata nguvu.
Na baba: ni petroli. Wamebadilisha petroli.

Husema wenye kusema, moyo wa mtu ni msitu.
Wa baba ulikuwa chini ya boneti,
na namba yake, na kutu yake,
na miaka yote hiyo nilifungua pale kutia maji ya vioo tu.

Kesho yake nikamrudishia Dwayne pampu ndani ya boksi lililochanika.
Akakata asilimia kumi na tano.
"Lakini kompyuta inasema M," akasema.
Nikaweka mikono juu ya kaunta, nyeusi hadi viwikoni.
Andika tatu nukta nane, nikamwambia.
Herufi iache ilivyo.