Tani Sitini na Mbili

Waliniletea karatasi Jumatatu, kabla chai haijapoa:
bendera thelathini na kitu zimechapwa pembeni kama shanga,
na katikati swali moja, la kwangu peke yangu:
Je, daraja lenu litabeba?

Mimi ni Vizma Kalnbērze, mkaguzi wa madaraja, wilaya ya mpakani,
mshahara mdogo, nyundo moja, mabuti mawili yasiyolingana.
Siasa siijui. Saruji naijua.
Najua chuma kikichoka hakilalamiki, kinanyamaza;
ukikigonga, kinakujibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usiku.

Kwenye karatasi yao kila kitu ni chepesi.
Kifaru: tani sitini na mbili.
Kisha mizinga ya Waslovakia, rada ya Wanorwei,
droni za Wakanada zinazomwona sungura akipumua kwenye theluji,
manowari zilizo mbali, ambazo sisi hatutaziona kamwe,
ndege za nchi tatu zinazosemezana kwa namba tupu.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Lakini daraja ni langu, na nguzo ya tatu ina ufa
mrefu kama mkono wa mtoto wa shule.

Walinipa sajini wa kunisaidia, Mbaski, Iñaki Zubeldia,
ndevu zimeganda, hajui neno la Kilatvia
ila la mkate na la asante.
Mgeni siku mbili: tukampa supu ya bitiruti.
Ya tatu nikampa koleo.
Akachimba theluji kwenye msingi bila kuuliza,
akiimba kitu cha kwao, pumzi ikimtoka kwa mafungu.
Boliti zake hazikuingia kwenye nati zangu.
Miaka yote hii ya mikataba, nilimwambia kwa vidole,
na bado tunapishana milimita moja!
Akacheka. Akaenda kwenye lori, akarudi na kisanduku
cha boliti za nchi tano, tukazijaribu moja moja hadi giza.
Iliyoingia ilikuwa ya Kipolandi, na kutu juu.

Mama alipita hapa akiwa na miaka sita,
nyuma ya lori la askari, kuelekea stesheni, kuelekea mashariki.
Siku ile hakuna aliyeuliza kama daraja litabeba.
Lilibeba. Madaraja hayachagui.
Ndiyo maana sitabasamu mbele ya vifaru, viwe vya nani,
hata hivi ninavyoviombea vipite salama.

Alhamisi nikaandika: kimoja kimoja,
mwendo wa mtu anayesindikiza maiti,
katikati ya barabara, dereva asiguse breki.
Nikatia sahihi. Wino uligoma kwa baridi, nikaupulizia.

Walionifunza kazi walikuwa na desturi yao:
aliyesema litabeba, na asimame chini yake.
Nikashuka. Zubeldia akanifuata, hakutumwa.
Barafu ilikuwa nyeusi, tukajibana kando ya nguzo.
Kifaru cha kwanza kikaja.
Vumbi la saruji likatudondokea kofiani.
Nguzo ya tatu ikaguna.
Nikahesabu kwa Kilatvia, yeye kwa lugha ya mama yake,
tukafika kumi na moja pamoja, na juu yetu kukawa kimya.

Vilipita kumi na vinne.
Cha kumi na tano kilivunjika kitu kilomita mbili nyuma,
na Donats, mfuga nguruwe, akaja na mashine yake ya kuchomelea
na mke wake akimshikia taa,
nao hawamo kwenye karatasi yoyote.

Baadaye likapita gari la maziwa, kama kila Alhamisi.
Nikagonga nguzo, nikaweka sikio.
Zubeldia akaniuliza kwa nyusi: linasemaje?
Nikamwinulia kidole, angoje.
Lilikuwa bado linatetema.