Kibao cha Bucha

Nilimwagiza ng'ombe. Ng'ombe basi,
mwekundu, mnene, anayetazama barabara,
na chini yake herufi nene: BUCHA LA TESHA, NYAMA SAFI.
Nikatanguliza nusu ya malipo,
nikamwachia Aikaruwa bati na makopo mawili ya rangi,
nikarudi Kiborloni kunoa visu.

Mwanamke huyu huchora vichwa vya saluni,
nywele bila shingo, shingo bila mwili.
Ningejua.

Siku ya nne akalileta limefunikwa kanga,
mvua ya masika ikimtiririka viwikoni.
Ng'ombe yumo, sitamsingizia.
Ila ubavuni mwake limefunguliwa dirisha
la mbao, lenye pazia la shuka la hospitali,
na ndani ya dirisha mama yangu,
tuliyemzika Kilema mwaka upepo ulipolaza migomba,
amekaa kigodani anamenya ndizi.
Maganda yakianguka yanageuka samaki.
Samaki wanaufuata mfongo kwenda juu,
juu, maji yenyewe yakiteremka,
hadi kwenye kibaraza ambako Kibo amekaa
na blanketi magotini, kama mgonjwa wa homa,
na Mawenzi, uso umechanika kwa kipigo cha mchi,
amesimama mlangoni akiomba moto
huku kiberiti kimo mkononi mwake.

Mizani yangu, ile ya kijani yenye sahani mbili,
inaning'inia katikati ya mbingu bila ndoano.
Sahani ya kushoto ina wingu zima.
Ya kulia ina jani moja la isale.
Jani limeshuka.
Wingu liko juu, jepesi kama pafu.

Nikamuuliza, hii maana yake nini?
Akakamua pindo la kanga.
"Leo ulipoamka, ndoto yako
ulimdai nani maana?"

Nikalitundika kwa hasira.

Mwalimu Mallya alisimama mbele yake na kilo moja mkononi
akafafanua: samaki ni roho, dirisha ni kaburi,
ng'ombe ni mahari isiyomalizika.
Akafafanua mpaka damu ikapenya gazeti.
Bwana afya akataka kujua leseni yangu
ni ya ng'ombe au ya samaki.
Muuza vitunguu wa jirani akahamisha meza yake
asije akampa marehemu mgongo.
Mtoto tu, aliyetumwa utumbo wa elfu moja,
akainua kidevu, akauliza:
"Mbona jikoni hamna moto?
Ndizi zake zitaivaje?"

Hapo kisu kikanigomea.
Maana Aikaruwa sikumtajia isale,
wala kaka yangu Anaeli, wala mpaka wa kihamba,
wala kwamba mama alikata roho
sisi wawili tumepeana migongo
pande mbili za kitanda kimoja.
Jani lile Anaeli alinitumia. Mara mbili.
La kwanza nilimpa mbuzi.
La pili lilikaukia juu ya friji,
nikawa nalifuta vumbi bila kulitazama.

Nusu ya pesa zake bado ninayo.
Kila nikiipeleka Aikaruwa anairudisha:
"Sijamaliza."
Na kweli, sijui huja saa ngapi na brashi yake,
lakini samaki wameongezeka,
na kile kiberiti cha Mawenzi, ambacho ningeapa kilifungwa,
sasa njiti moja imechomoza kichwa.

Jana alfajiri nilipasua ubavu,
ubavu wa kweli, wa fahali kutoka Himo.
Kati ya mfupa wa saba na wa nane nikasita,
nikainama
kama anayechungulia kwa jirani.
Mlikuwa na giza
na harufu ya ndizi mbichi.