Safu ya Subiri

Lori la kutoka Santiago lilifika Jumatatu,
siku tatu nyuma ya ahadi,
maboksi thelathini na mawili, theluji juu ya turubai.
Mkuu wa chuo akasema: Nibaldo, kufikia Ijumaa
za zamani zote ziwe zimeondoka.
Kuondoka ni neno lake. Mwenye bisibisi ni mimi.

Nikaanza na ofisi ya usajili, mgongo sakafuni,
nikang'oa waya zilizokumbatiana miaka tisa
katika vumbi zito kama sufu;
ungedhani kondoo amelala humo.
Kila mashine nikaipa namba.
Ya saba: feni inakoroma.
Ya kumi na mbili: imemwagiwa mate
(chai yetu ya mrija, msicheke).
Ya ishirini: chini ya kibodi, neno la siri,
jina la mbwa aliyekwisha kufa.

Zilizokata roho nikazipasua ziponye nyingine.
Ya nne ilitoa kumbukumbu zake mbili,
nikazibana ndani ya ya tisa, vidole vimekufa ganzi;
ikashtuka, ikalia mlio mmoja,
ikauliza leo ni tarehe ngapi.
Nani kati yetu angeamka hivyo
kwa kumbukumbu za jirani?

Ya kumi na tisa ilikuwa ya Bi Ofelia Barrientos wa uhasibu,
aliyestaafu Machi akahamia kwa dada yake, Castro.
Herufi S aliifuta yote kwa ncha ya kidole.

Kanuni inasema usisome. Futa mara tatu, weka sahihi.
Lakini faili lilikaa peupe,
halikujitafutia hata jina la kujifichia: Wadaiwa.
Nikafungua. Mkono ni mkono.
Majina, kiasi, tarehe; na pembeni
safu ambayo hakuna mkaguzi aliyeiagiza:
subiri.
subiri.
baba yuko machimboni, subiri.
subiri kondoo wanyolewe.
Na mstari wa mia mbili na sita,
mwaka ule wa baridi ya kupasua mabomba:
Oyarzún, Nibaldo. subiri. asiambiwe.

Miaka yote nilidhani deni lile lilipotelea
kwenye uzembe wa ofisi.
Nimelisimulia hata harusini kwangu, watu wakacheka.

Kahawa ilipoa.
Mashine ikauliza kama nina hakika,
nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo.
Usiku kucha sifuri zikawaangukia wadaiwa,
zikatufunika sote, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa alfabeti.

Ishirini na moja zimepona.
Mwalimu Yasna Vukasović wa Porvenir, ng'ambo ya mlango wa bahari,
alipiga simu: Zinawaka?
Zinawaka, nikamwambia, ila moja haina S.
Watoto wataizoea, akasema.
Kabatini ninazo kibodi mpya kumi na moja.
Sikuibadilisha.

Leo Ijumaa, upepo unang'oa mabati
na feri imefungwa kamba gatini.
Maboksi yako bandani, nimeyafunika blanketi la nyumbani
(mke wangu hajajua).
Karani wa bandari hakufungua dirisha;
alinionyesha tu kibao chake kupitia kioo,
neno moja la chaki.
Nilikwisha kulisoma wiki hii.
Nikarudi garini, nikawasha hita,
nikakaa.