Alama Mbili

Mtihani wa muhula, sayansi, darasa la tano, Bahi.
Taa ya sola inafifia kama mjumbe anayesinzia kikaoni.
Zimebaki karatasi kumi na moja, na kalamu moja nyekundu.

Swali la saba: taja vifaa viwili vya kuchujia.
Mwongozo uko kando, umegongwa muhuri:
faneli, karatasi chujio.
Faneli yenyewe hatuna. Tuna picha yake,
ukurasa wa arobaini na mbili,
nayo mchwa wameitoboa katikati.

Nyemo Chiwanga kaandika:
chungu kilichotobolewa kitako. Nyasi kavu.
Halafu, kwa kuwa nafasi ilibaki na mkono haukuchoka:
Bibi hashindilii. Ukishindilia, maji yanagoma.

Ilikuwa Jumatano. Tulishuka mbugani,
watoto arobaini na sita na mimi, mtu wa Muleba,
nikidhani chumvi huzaliwa dukani.
Ardhi ilikuwa imetoka jasho jeupe, likakauka.
Bibi Matika alikwangua udongo wa juu, wa juu tu,
akaulamba, akatema. "Huu bado."
Hatua tano. Akalamba tena. "Huu."
Nikaandika daftarini: uchukuaji wa sampuli.
Nikaona haya. Nikafuta.

Maji yakadondoka, tone, kimya, tone,
rangi ya chai ya mkavu,
yakapanda jikoni, yakachemka
hadi chungu kikaanza kunong'ona
na munyu ukashika ukingo.
Huu ndio mvukizo, nikasema kwa sauti ya darasani.
Yeye akautaja kwa Kigogo.
Nikajaribu, nikakosea, watoto wakafa kwa kicheko.
"Na hayo maji, mwalimu, yamekwenda wapi?"
Juu, bibi. Angani.
Akaitazama anga ya Septemba, tupu kama sufuria ya jana.
"Tangu Machi yanakwenda huko.
Mbona hayarudi?"

Ukurasa wa arobaini na mbili hausemi.

Sasa kalamu iko juu ya jina la Nyemo.
Darasa la saba atasahihishwa na mashine,
na mashine haina ulimi.
Najua. Nampenda, ndiyo maana najua.
Naweka vema. Naweka vema ya pili.
Chini yake, kwa herufi ndogo: kariri na faneli, mwanangu.
Kisha nauvuta mwongozo, juu ya muhuri wao
naandika: chungu.

Karatasi inayofuata, Yona Ndahani.
Kwanza: faneli.
Pili: picha ya faneli.

Kalamu inasita.